Vijiko Vitatu vya Sabuni Kwenye Printa ya Mama

Nikiri mapema, nisije nikaonekana malaika: ujinga wa kwanza niliufanya mimi. Nilichukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile ya kijani inayonukia limau, nikapima vijiko vitatu vya chakula, nikakoroga kwenye kikombe cha maji ya kisima, nikavuta kwa bomba la sindano, nikaingiza kwenye kichwa cha printa ya mama. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na akili zangu zote, kama zipo.

Kwa asiyejua, kichwa cha printa ni kile kidude kinachokwenda kulia na kushoto kikilia kama panya aliyebanwa na mlango. Chini yake kuna vitundu vidogo kuliko tundu la sindano, na wino unapita humo kwenda kwenye karatasi. Wino ukikauka humo ndani, basi. Rangi haitoki hata uipigie magoti.

Na yetu ilikauka kwa sababu ya mpunga. Steshenari ya mama ipo Lumemo, chumba kimoja, meza mbili, printa moja. Lakini mama ni mkulima kwanza, steshenari baadaye. Likizo ya mwezi wa sita alibandika karatasi mlangoni, TUPO SHAMBA, akafunika printa kwa khanga kama maiti, tukahamia Mngeta. Baba hayupo nyumbani siku nyingi, anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, anakuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo shambani tulikuwa mama, mdogo wangu wa kike, na mimi. Kipande chetu huchelewa kuiva kuliko vya majirani, maana yake ndege wote wa bonde wakishamaliza kwa wenzetu wanahamia kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Wiki tatu nilisimama juu ya kichuguu nikipiga debe na kuwatukana ndege matusi ambayo nyumbani siruhusiwi hata kuyafikiria. Sauti ilikauka. Kumbe na wino nao ulikuwa unakauka huko Lumemo, taratibu, chini ya khanga.

Tuliporudi, mteja wa kwanza alikuwa dada anayetaka picha za pasipoti. Alitoka wa manjano. Sio manjano kidogo, manjano ya kulazwa. Bluu haikuwepo kabisa, nyekundu ilikuwa mistarimistari.

"Huyu ni mimi?" dada akauliza.

"Ni wewe ukiumwa," nikamjibu, na mama akanitazama kwa lile jicho lake.

Ndipo nikaleta vijiko vyangu vitatu. Mawazo yangu yalikuwa mepesi: sabuni inatoa mafuta kwenye sufuria, itashindwaje wino? Nikasukuma bomba. Kwanza haikutokea kitu. Halafu povu likaanza kutoka, jeupe, la bluu, la waridi, likapanda likajaa mpaka likadondoka mezani juu ya barua ya mtu ya kuomba kazi. Mama aliingia akiwa na mfuko wa nyanya. Alisimama mlangoni akaitazama printa inavyotoa mapovu mdomoni kama mwenye kifafa.

"Unaprinti au unafua?" aliuliza.

Nilicheka. Kosa la pili. Sitaeleza kilichofuata, ila ufagio ulihusika.

"Sikiliza," alisema baada ya ufagio. "Parokia wamenipa kazi ya vijitabu vya misa ya kipaimara. Askofu mwenyewe anakuja. Mdogo wako yumo. Nikishindwa, wanapeleka steshenari nyingine na hawatarudi hapa tena, hata kwa matangazo ya ndoa. Ukiigusa tena hii mashine nakurudisha Mngeta ukaishi na ndege wako."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haikuwa mchezo. Kile kidude ndicho kinachotulisha miezi ambayo mpunga haupo. Na mimi ndiye niliyekipa povu.

Mtu mwenye busara angekaa mbali. Mimi nilinunua bando. Nilitazama video ya jamaa mmoja ambaye anaonyesha mikono tu, uso hataki, na nikagundua kwamba nilikuwa nimekosea karibu kila kitu. Sabuni nyingi inatengeneza povu, na povu likiingia kwenye vile vitundu linaziba kuliko hata wino wenyewe. Maji ya kisima yana chumvi. Hilo ningelijua hata bila video, birika letu la chai lina ukoko mweupe ndani unaoweza kuukwangua kwa kijiko. Yanatakiwa maji yasiyo na chumvi, yale ambayo madereva wanaongezea kwenye betri, na nilimwuliza muuza spea mara tatu kama anahakika hanipi yale makali yanayotoboa suruali. Halafu spiriti. Duka la dawa walinisumbua.

"Umeumia wapi?" mama wa duka la dawa aliuliza.

"Sio mimi mama, ni printa."

"Toka hapa."

Nikazunguka, nikarudi na kidole nimekifunga kitambaa. Nikauziwa.

Maji sehemu mbili, spiriti sehemu moja, sabuni tone moja. Tone moja kwa chupa nzima, sio kwa kikombe. Utikise polepole, usitikise kama unachanganya maziwa ya mtoto, halafu uchuje kwa kitambaa cheupe kwa sababu chembe moja tu ya uchafu inarudisha tatizo. Nilitumia leso ya mdogo wangu ya kwenda nayo kanisani. Naye asome hapa ajue ilikoenda.

Jumamosi mama alikwenda mazoezi ya kwaya, na wao wakianza kubishana sauti ya tatu hawatoki kabla ya saa saba. Nilifungua skrubu moja moja, nikizipanga kwenye karatasi kwa mstari jinsi zilivyotoka. Nikakitoa kichwa. Ni kidogo, kinaenea kiganjani, na kinakupa hofu ya kushika kifaranga. Nikaweka dawa kwenye kisahani, kina cha ukucha tu ili isipande kwenye sehemu za umeme, nikakilaza humo. Nikasubiri. Dakika kumi hivi, wino wa bluu ukaanza kutoka wenyewe, uzi mwembamba kama moshi, ukizunguka kwenye kisahani. Kisha nyekundu. Sijui nisemeje. Nilikaa nimechuchumaa nikiangalia kisahani kama watu wanavyoangalia mpira.

Wakati kinakauka nilikuwa sina cha kufanya, na mimi nikikosa cha kufanya ni hatari. Rangi ya kucha ya mdogo wangu, ya pinki, ilikuwa kwenye droo. Nikaichukua, na kwenye ubavu wa nyuma wa kichwa, chini pale ambapo hupaoni mpaka uinamishe shingo na kumulika tochi, nikachora sura. Macho mawili, masharubu, na mdomo unaocheka wenye pengo moja la jino mbele. Sura ya fundi wetu.

Nilimchora kwa mapenzi. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Huyo fundi ndiye aliyekuwa akitengeneza printa za mji mzima. Alikuwa na pikipiki na begi la mgongoni lenye kila kitu, akipigiwa simu na watu kuanzia Mkula mpaka kwetu. Ndiye aliyenifundisha kushika chuma cha kuchomelea risasi kwenye nyaya. Aliniita injinia tangu nikiwa darasa la sita, wakati walimu wangu walikuwa na majina mengine kwangu. Na zaidi ya yote alikuwa mtani wetu. Kabila lake silitaji, watani wake wengine wasije wakaanza kunisumbua, ila kabila lake na la mama yametaniana tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu na ukicheka ndio heshima. Anaweza kuja kwenye msiba wenu akalala kwenye jeneza, akakamata kuku wako au sufuria yako akaondoka nayo, mpaka umkomboe kwa kitu. Hukasiriki. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kasoro. Mimi, mtu wa mizaha tangu tumboni, niliona ule ndio uungwana kuliko wote duniani.

Mama aliporudi kutoka kwaya nilimpa karatasi ya majaribio. Mistari yote ilikuwa kamili. Bluu ilikuwa bluu. Aliishika karatasi, akaisogeza dirishani, akaigeuza nyuma kana kwamba nimeficha kitu huko.

"Nani kafanya?"

"Mimi."

"Kwa ile sabuni?"

"Tone moja tu, mama. Ya kwanza nilikosea, hii ni dawa yenyewe." Nikamwonyesha chupa.

"Hmm," alisema. Kwa mama yangu, "hmm" ile ilikuwa cheti. Lakini palepale akaongeza: "Kazi ya parokia ni kubwa. Namwita fundi aipitishie jicho. Wewe unachekacheka sana, siwezi kumwambia padri kwamba mashine imetengenezwa na wewe."

Haikuniuma. Nilitaka fundi aione.

Alikuja Jumatatu jioni nimeshatoka shule. Kulikuwa na wateja watatu kwenye benchi. Hata hajavua kofia ya pikipiki, ameshaanza.

"Mtani! Bado unaishi? Nilisikia ndege wa Mngeta wamekubeba wakidhani wewe ni chenga ya mpunga."

"Wangekubeba wewe ungewadhuru tumbo," mama akamjibu.

"Leo nakwambia mbele ya mashahidi hawa, naondoka na kichwa cha mashine yako. Utakuja unikomboe kwa kiroba cha mchele mpya."

"Chukua. Na huyu mtoto mchukue, nakuongezea bure."

Benchi lote lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nilishika ukuta. Rudia kusoma alichosema yule mtu. Alitutangazia.

Alipokuwa anafungua mashine nilimweleza kila kitu. Nilimpa chupa ainuse. Nilimtajia sehemu mbili, sehemu moja, tone moja. Nikamwambia na habari ya vijiko vitatu, jinsi printa ilivyotoa mapovu, na nikaigiza sauti ya mama: unaprinti au unafua. Alicheka mpaka pengo likaonekana lote.

"Injinia," alisema akinishika bega, "wewe utanifukuza mjini. Mtani, huyu mtoto sio wako, huyu wangu."

Nikavimba kama andazi. Kisha akaniomba nimkimbilie chapati mbili na maji ya kunywa. Mama alikuwa na mteja wa kitambulisho. Nilikwenda mbio, nikarudi mbio, na nilikuta anafunga begi. Alikula chapati zile kwa amani kabisa. Alisema kila kitu kipo sawa, ameigusagusa tu. Hakutaka malipo.

"Mtani hamlipishi mtani," alisema. Mama alimwombea baraka.

Jumanne asubuhi kabla sijaenda shule mama aliwasha ili aanze jalada la kijitabu. Jalada lilikuwa na njiwa, ndimi za moto, na picha ya askofu kwenye kona. Njiwa alitoka na mistari kama amepita kwenye wavu. Moto ulikuwa kijivu. Askofu alitoka rangi ya ndizi mbichi. Mama alijaribu tena. Safari hii askofu hakutoka kabisa, ilitoka kofia.

Akampigia fundi, simu ikiwa kwenye spika. Nilikuwa nimesimama hapo na begi la shule mgongoni.

"Mtani, pole," ile sauti ilisema, na haikuwa na utani hata chembe. "Nilikuwa naogopa kukwambia jana mbele ya mtoto. Ni ile sabuni. Vijiko vitatu alivyoweka. Povu limeingia mpaka kwenye umeme. Kichwa kimekufa."

"Si ulisema kipo sawa?"

"Kilikuwa kinakata roho, mtani. Nilijaribu. Lakini usilie, ninacho kimoja kilichotumika kidogo, nilimtolea mtu Mkula. Kwako wewe sitaki pesa. Kiroba cha mchele tu, tumalizane kindugu."

Vijiko vitatu. Mama hakuwa amemtajia idadi. Ile hesabu nilimpa mimi, jana yake, kama zawadi, ili acheke.

Nilisema, "Mama, jana ilikuwa inatoka vizuri, karatasi ya majaribio si hii hapa." Mama hakuinua sauti. Ningependa angeinua. Alisema, "Kila kitu kwako ni mchezo. Haya, umecheza." Alichukua simu yangu akaifungia kwenye droo. Alichukua chupa yangu ya dawa, akatoka nayo mpaka mtaroni, akaimwaga yote, na akaitikisa kuhakikisha imeisha.

Fundi alifika saa kumi. Alifunga kile kichwa alichokuja nacho, akawasha, na askofu akatoka askofu. Bluu ikawa bluu. Mama alikaa kwenye kiti akashusha pumzi ndefu, nadhani ndiyo iliyokuwa imembana tangu asubuhi. Halafu akaniita mbele ya wateja.

"Mwombe radhi fundi. Umemsumbua mtu mzima bila sababu."

"Samahani, fundi," nilisema.

"Sio hivyo."

"Shikamoo fundi, naomba unisamehe, sitarudia."

"Marahaba, injinia. Yaishe," alisema, na akanipigapiga kichwani. "Kila fundi ameua mashine. Hata mimi."

Halafu nikatumwa kubeba kiroba. Ule mchele naufahamu. Ninaweza kukuambia ndege gani aliukosa. Niliubeba begani mpaka kwenye pikipiki yake, nikamshikia afunge kwa mpira, na nikasema "safari njema" kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Njiani kurudi ndani nilijiambia, labda kweli ni mimi. Labda lile povu lilijificha mahali likasubiri. Nikaamini. Hicho ndicho kitu kibaya alichonifanyia kuliko kiroba: kwa siku mbili nzima niliamini kwamba mikono yangu inaua vitu.

Alhamisi karatasi ilikwama. Vijitabu vilikuwa vimebaki robo. Mama alikuwa na gundi mikono yote miwili, akibandika majalada, mdogo wangu akimkunjia kurasa.

"Wewe," aliniambia, "itoe hiyo karatasi. Tumia vidole viwili. Usiguse kingine chochote, nakuona."

Karatasi ilikuwa imechanika, kipande kimebaki nyuma kabisa. Nikaomba tochi ya simu ya mama. Nikainamisha shingo, nikamulika.

Pale chini, kwenye ubavu wa nyuma, mtu mwenye masharubu ya pinki alikuwa ananichekea kwa pengo.

Nilibaki nimeinama mpaka mama akauliza kama nimekwama na mimi.

"Mama, njoo utazame."

"Umevunja nini tena?"

"Njoo tu."

Alikuja na gundi yake mikononi, akainama, nikammulikia. Alitazama muda mrefu. Akauliza ni nini kile. Nikamwambia ni sura, niliichora Jumamosi, kwenye kichwa chetu, kile fundi alichosema kimekufa. Nikamwambia kuhusu chapati mbili na maji, kwamba hapo ndipo alipokitoa chetu akatuwekea kibovu. Mdogo wangu naye akajipenyeza chini ya mkono wa mama, akachungulia, akapiga kelele: "Rangi yangu ya kucha! Mama, si nilikwambia sijaipoteza mimi!" Alikuwa ameshagombezwa kwa hiyo rangi.

Nadhani ni ile kelele iliyomfanya mama aamini. Mimi ningeweza kutunga, lakini binti yule hajui kuigiza.

Mama alinawa mikono. Alipiga simu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtani, pita hapa, kuna kitu." Na fundi akaja, kofia kichwani, mzaha mdomoni. Kwenye benchi walikuwepo wateja wawili na mama muuza samaki wa jirani. Mama alimwita nyuma ya printa, akampa tochi.

"Hebu nitazamie hapo. Huyo ni nani?"

Fundi aliinama. Nilikuwa namwangalia shingo. Nilitaka kuona mtu anavyoumbuka, nilikuwa nalisubiri hilo. Alikaa pale chini kidogo tu. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Mmenikamata!" alisema akiinuka, mikono juu. "Mtani, si nilikwambia? Mbele ya mashahidi! Nilisema naondoka na kichwa, utakikomboa kwa kiroba. Nimechukua, umekomboa. Kuna uongo hapo? Huo ndio utani!"

Na benchi likacheka. Mama muuza samaki alipiga makofi, akasema kweli, hata yeye alisikia Jumatatu. Mmoja wa wateja akasema huyu jamaa hatari sana. Na mama yangu, mama yangu aliyenimwagia dawa mtaroni, aliyenifanya nimwamkie mwizi na kumwomba radhi, naye akacheka. Nilimwona. Alifungua mdomo, akacheka na wao.

Mimi ndiye mcheshi wa familia, na pale ni mimi peke yangu ambaye sikucheka.

"Lakini ulisingizia sabuni yangu," nilimwambia. "Simu yangu imefungiwa."

"Injinia amenuna!" fundi alisema. "Mtani hanuni, wewe."

Mama alinyoosha mkono, akamvua ile kofia ya pikipiki kichwani, akaiweka juu ya kabati. "Na mimi nimechukua. Ije kukombolewa kwa kiroba changu."

Kicheko kikaongezeka. Fundi alijishika kichwa, akasema ameonewa, akaaga watu wote kwa mikono, akapanda pikipiki akaondoka kichwa wazi. Nilijua palepale hatarudi. Kofia mpaka leo ipo juu ya kabati, inanuka mafuta ya nywele, watoto wa wateja wanaichezea. Kiroba nadhani kilishaliwa ile Jumanne. Na wiki iliyofuata, kwenye steshenari moja karibu na soko, niliona chupa ndogo ya maji ya kunywa iliyobandikwa karatasi: DAWA YA VICHWA VYA PRINTA. Nilifungua, nikanusa. Spiriti, na limau kwa mbali sana, kama tone moja.

Lakini hayo ya baadaye. Alhamisi ile, wateja walipoisha, tulimaliza vijitabu. Nilikuwa nakunja kurasa kwa hasira, na karatasi ukiikunja kwa hasira inakunjika vizuri kuliko kawaida. Nilikuwa nasubiri mama aseme pole. Nilijua hatasema, wazazi wa kwetu hawawaombi watoto radhi, lakini nilikuwa nasubiri. Nilitaka walau aniambie kwa nini alicheka. Mdogo wangu aliweka kijitabu cha mwisho juu ya rundo, askofu akitazama juu, rangi zake zote zipo, rangi zilizopita kwenye kile kichwa chenye sura ya mwizi ubavuni.

Mama alifungua droo, akatoa simu yangu akaiweka mezani, sio mkononi mwangu. Akaichukua ile chupa tupu, ambayo kumbe hakuitupa, akaisuuza kwa maji ya kunywa, akaigeuza ichuruzike. Hakunitazama. Alikuwa anaitazama chupa aliposema:

"Ile dawa yako niliimwaga. Tengeneza nyingine. Na sabuni iwe tone moja, nitasimama hapa nihesabu."